Kukereza Mabakuli na Zawadi Ndogo za Mti katika Hewa Kavu ya Dodoma

Mti uliokatwa asubuhi na kufikishwa karakana jioni hubeba maji mengi kiasi kwamba ukiuweka kwenye mashine ya kukereza siku hiyohiyo, maranda yanapotoka hukurushia matone usoni. Mti huohuo ukiachwa karibu na dirisha la nyumba ya Dodoma mwezi wa Septemba, upepo wa kiangazi huyanyonya maji hayo kwa kasi ambayo nyuzi zake haziwezi kuistahimili, nao hupasuka kabla haujaguswa na patasi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kukereza mabakuli na zawadi ndogo kwa kujifurahisha, saa za jioni na siku za mapumziko, akiwa Dodoma, Singida au penginepo katikati ya nchi. Utaeleza mashine, patasi, miti na namna ya kukata, lakini utakaa zaidi kwenye kukausha, kwa sababu katika ukanda unaopata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, ambayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, ukavu wa hewa ndio unaoamua kama bakuli litafika mezani au litaishia kuwa kuni.

Mashine na mahali pake

Mashine ya kukereza huzungusha kipande cha mti huku wewe ukiwa umeilaza patasi juu ya egemeo la chuma lililo mbele yako. Kwa mtu wa mabakuli, kipimo cha kwanza cha kuangalia ni umbali kutoka katikati ya mhimili unaozunguka hadi kwenye kitanda cha mashine, kwa kuwa umbali huo ndio unaoweka kikomo cha upana wa bakuli: mashine yenye umbali wa sentimita 15 haiwezi kupokea kipande kinachozidi sentimita 30. Mashine ndefu ambazo mafundi samani hukerezea miguu ya vitanda na nguzo za ngazi zinaweza kufaa, ila nyingine zina puli chache tu, na kasi yake ya chini bado ni kubwa mno kwa kipande kipana. Ukiagiza mashine kwa fundi wa kuchomelea, mweleze mapema kwamba unataka kasi ya chini ishuke hadi mizunguko 400 au 500 kwa dakika. Mota ya wati 550 hadi 750 inatosha kwa mabakuli ya hadi sentimita 25.

Simamisha mashine kwenye sakafu imara, mhimili wake ukiwa usawa wa kiwiko chako unaposimama wima, kisha ongeza uzito chini yake kwa viroba vya mchanga. Mashine nyepesi hutetemeka, na mtetemo huo huandikwa kwenye mti kama mawimbi ambayo msasa hauwezi kuyafuta. 

Kasi huamuliwa na upana wa kipande. Kanuni inayofaa ni kuzidisha upana kwa sentimita na idadi ya mizunguko kwa dakika, na jibu liwe kati ya 15,000 na 23,000; kwa hiyo bakuli la sentimita 25 lizunguke kati ya mara 600 na 900 kwa dakika. Kipande ambacho bado hakijawa mviringo kamili kianze chini ya hapo. Mwenye kuona kwamba mizunguko 900 ni michache akumbuke kwamba ukingo wa bakuli la sentimita 25 kwa kasi hiyo hupita mbele ya vidole vyake kwa zaidi ya kilomita 42 kwa saa, mwendo wa bodaboda iliyokolea barabarani.

Kwa sababu hiyo, masharti ya usalama hayana mjadala. Vaa ngao ya uso inayofunika hadi kidevuni. Miwani peke yake haitoshi kwa bakuli. Usivae glavu wakati mashine inazunguka, vua pete, saa na shanga, kunja mikono ya shati juu ya viwiko, na kama umejifunga khanga au ushungi, hakikisha hakuna ncha inayoning'inia. Kabla ya kuwasha, zungusha kipande kwa mkono mzunguko mzima uone kwamba hakigusi egemeo, kisha simama pembeni, nje ya mstari ambao kipande kingerukia, mpaka mashine ishike kasi yake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo la kwanza ni kuzima swichi, kabla hata ya kuweka patasi chini, kwa kuwa umeme hurudi bila kubisha hodi na mashine itaanza kuzunguka huku mikono yako ikiwa juu ya kipande. Ikiwezekana funga swichi ya aina inayobaki imezimwa hadi uiwashe tena mwenyewe. Na taa za ndani zikianza kufifia kwa sababu umeme umepungua nguvu, pumzisha mashine, kwa kuwa mota inayolazimishwa kufanya kazi katika umeme hafifu hupata joto na kuungua.

Patasi na kunoa

Patasi nne zinatosha kwa muda mrefu: patasi nzito ya mfereji wenye kina kwa mabakuli, iliyochongwa kutoka kwenye nondo nene ya chuma cha kasi kubwa, yaani chuma kisichopoteza makali hata kikipata joto, patasi pana ya mfereji kwa kusawazisha vipande virefu kama michi na mipini, patasi nyembamba ya kukatia, na patasi ya kukwangulia yenye ncha ya duara. Ile patasi pana ya mfereji isitumike kamwe kwenye bakuli. Shina lake linaloingia kwenye mpini ni jembamba, na nyuzi za bakuli, ambazo kila nusu mzunguko humgeukia mkerezaji kwa upande wa vichwa vyake, huweza kuikamata na kuivunja.

Patasi zinazofuliwa kutoka kwenye tupa kuukuu ninazikataa bila kusita. Chuma cha tupa kimekazwa kiasi cha kuwa kikavu na chepesi kuvunjika. Kikikamatwa na mti hakipindi, hukatika, na kipande kilichokatika hakichagui pa kwenda. Kama ni lazima patasi ifuliwe hapa hapa, afadhali fundi atumie chuma cha springi za gari na kukirudishia ukakamavu wake vizuri baada ya kukifua.

Kunoa ni kazi ya kila baada ya dakika chache. Nolea jiwe la umeme, pembe ya makali iwe kati ya nyuzi 45 na 55 kwa patasi ya bakuli, ukiizungusha taratibu ili mteremko wa makali uwe sawa bawa hadi bawa, yaani kutoka upande mmoja wa makali hadi mwingine. Dalili ya patasi butu huonekana kwenye maranda kabla haijasikika mkononi: patasi kali hutoa utepe mrefu unaojikunja, na patasi iliyochoka hutoa vumbi.

Mti wa kukereza

Mchagua mti wa kuanzia asitafute mpingo. Ni mti wa fahari, mzito kiasi cha kuzama majini, na hukua polepole sana. Lakini ni mgumu kwa mwanafunzi, hufanya makali ya patasi yawe butu upesi, hupasuka kwa urahisi unapokauka, na vumbi lake huwasha ngozi za watu wengi. Uweke kwa ajili ya vitu vidogo utakapokuwa na mkono uliotulia. Kwa bakuli la kwanza ninapendekeza mninga ukiwa na mabaki yake, kwa kuwa hukatika vizuri, husinyaa kidogo ukilinganishwa na miti mingi, na rangi yake ya kahawia yenye wekundu hupendeza kwa mafuta tu. Mwembe ni chaguo langu la pili na pengine ndio unaopatikana kwa urahisi zaidi, kwa sababu miembe ya majumbani hukatwa matawi au kuangushwa mara kwa mara. Ukereze mapema, kwani kuvu huutia michirizi ya kijivu katika muda mfupi, ingawa wapo wanaoipenda michirizi hiyo na kuiacha kwa makusudi. Mpera, mchungwa na mlimao huwa na vigogo vyembamba, lakini nyuzi zake laini hufaa sana kwa vizibo na vibweta.

Mwarobaini umejaa mitaani Dodoma, na matawi yake yanayopunguzwa kupisha nyaya za umeme ni mali ya bure kwa mkerezaji. Mti wake ni wa wekundu hafifu na wadudu hawaupendi. Ninautumia kwa vibweta na vinara vya mishumaa, wala siufanyii bakuli la chakula kwa sababu ya uchungu wake. Mjohoro una michirizi mizuri ya kahawia iliyokolea na manjano, ila vumbi lake linakera macho. Grevilea una mchoro wa kama lesi unaovutia, nao pia unaweza kuwasha ngozi. Mbuyu usijisumbue nao. Ndani yake ni nyuzi za sponji zilizojaa maji, hakuna cha kukereza. Minyaa ya kwenye ua usiiguse kabisa, kwa kuwa utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho.

Vumbi la mti wowote, hata ule usiowasha, si la kupuuzwa: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ndani ya pua na ya matundu ya mifupa yanayoizunguka. Barakoa nzuri inayobana usoni ivaliwe wakati wote wa kupiga msasa, na karakana iwe na mlango na dirisha linalopitisha upepo.

Kuhusu upatikanaji, tofautisha mti wa nyumbani na mti wa msituni. Miti ya msituni kama mninga, mkongo na mpingo husimamiwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mazao yake huhitaji kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Mkerezaji wa kujifurahisha hahitaji gogo zima. Nenda kwa mafundi samani wenye stakabadhi za mbao zao, uwaombe vipande vya mwisho wanavyovitupa, na usinunue gogo kwa mtu anayelileta usiku bila karatasi. Mpingo, pamoja na karibu jamii yake yote, uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2017, kwa hiyo ukitaka kumpa mgeni wa nje zawadi ya mpingo, muulize ofisa wa TFS kwanza kuhusu utaratibu wa kuisafirisha.

Kuandaa kipande

Gogo likishapatikana, paka nta au rangi nzito ya mafuta kwenye vichwa vyake viwili siku hiyohiyo, kabla ya kunywa chai. Maji hutoka kwenye vichwa vya nyuzi kwa kasi kubwa kuliko ubavuni, na mipasuko yote mikubwa huanzia hapo. Kata urefu unaozidi kidogo upana wa bakuli unalotaka, kisha pasua gogo kwa urefu wake, ukipita kwenye kiini. Kiini chenyewe, pamoja na sentimita moja au mbili kila upande wake, kiondolewe, kwa sababu bakuli lenye kiini ndani yake karibu halina namna ya kukauka bila ufa. Unachobaki nacho ni nusu mbili. Chora duara kwa bikari kwenye upande bapa, kata pembe kwa msumeno mpaka upate kipande kinachokaribia mviringo, na nyuzi zitakuwa zimelala kukatisha mhimili wa mashine. Hivyo ndivyo bakuli linavyopaswa kukaa.

Funga sahani ya chuma ya mashine kwenye upande bapa, ambao baadaye utakuwa mdomo wa bakuli, kwa skrubu nne au zaidi zinazoingia angalau sentimita mbili kwenye mti ulio mzima. Misumari haifai, na skrubu za plastabodi hukatika vichwa.

Kukereza mara ya kwanza

Anza na upande wa nje. Laza mteremko wa patasi juu ya mti bila makali kugusa, kisha inua mpini taratibu mpaka makali yaanze kukata. Mteremko uendelee kugusa nyuma ya makali muda wote, kwani ndio unaoiongoza patasi. Makali yanayotangulia bila mteremko kuyashikilia hujichimbia ghafla, na mkerezaji husikia kishindo na kuona shimo. Mkono ulioshika mpini ukae ubavuni mwa mwili, na mwendo utoke kwenye magoti na nyonga, si kwenye vidole.

Mwelekeo wa kukata ni jambo la kuzingatia sana. Nje ya bakuli, kata kutoka kwenye kitako kwenda kwenye mdomo, yaani kutoka kwenye wembamba kwenda kwenye upana. Ndani ya bakuli, kata kutoka mdomoni kwenda katikati. Ukifuata mwelekeo huo, kila uzi unaokatwa unakuwa umeegemezwa na uzi mwingine ulio nyuma yake. Ukienda kinyume, nyuzi hunyofoka, na pande mbili za bakuli zinazotazamana huonekana kama zimetafunwa. Kwa vipande virefu kama mchi au mpini, ambavyo nyuzi zake hufuata urefu wa mashine, mambo hugeuka: hapo hukatwa kutoka kwenye unene kushuka kwenye wembamba.

Upande wa nje ukishapata umbo, kereza kitako cha kukamatia chenye kina cha milimita 6 hadi 8 na upana wa karibu theluthi moja hadi asilimia 40 ya upana wa bakuli. Bega la kitako liwe safi na bapa, kwa kuwa taya za kibano hutulia juu ya bega hilo, hazitulii chini ya kitako. Fungua sahani, geuza kipande, kamata kitako kwa kibano cha taya nne, halafu chimba ndani.

Hapa ndipo penye uamuzi. Mti ukiwa bado mbichi, usikereze bakuli hadi mwisho. Acha ukuta wenye unene wa moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 25 libaki na ukuta wa sentimita 2.5 kila mahali, mdomoni, ubavuni na chini. Usawa wa unene ni muhimu kuliko unene wenyewe, kwa hiyo pima kwa bikari ya kupimia unene, usikisie. Sehemu nene itakuwa bado na maji wakati nyembamba imekwisha kusinyaa, na ufa utatokea pale zinapokutana.

Kukausha, ambako ndiko kwenye kazi

Maji katika mti yapo ya aina mbili. Kuna yale yaliyo huru ndani ya vijitundu, ambayo ndiyo yanayorushwa usoni siku ya kwanza, na kutoka kwake hakubadilishi umbo la mti hata kidogo. Kuna mengine yaliyoshikamana na kuta za vijitundu vyenyewe, ambayo huanza kutoka mti unapofikia unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Kuanzia hapo mti husinyaa. Tena hausinyai sawasawa: kuzunguka pete zake za ukuaji husinyaa karibu maradufu ya unavyosinyaa kutoka kwenye gome kwenda kwenye kiini, na kwa urefu wa nyuzi karibu hausinyai. Ndiyo maana bakuli lililotoka kwenye mashine likiwa mviringo kamili hugeuka kuwa yai baada ya wiki chache, na ndiyo maana ukuta uliachwa mnene, ili baadaye upate mti wa kutosha wa kulirudisha kwenye mviringo.

Umbo la yai halina madhara. Hatari iko pale ambapo ngozi ya nje ya ukuta imekwisha kukauka na kutaka kusinyaa, ilhali ndani bado kumejaa maji na kunakataa kujongea. Ngozi hiyo haina pa kwenda ila kupasuka. Kwenye hewa nyevu ya pwani tofauti hiyo huwa ndogo, na bakuli linaweza kusamehe uzembe. Dodoma katika kiangazi, upepo ukivuma mchana kutwa na jua likiwaka juu ya bati, haisamehi. Kwa hiyo kazi yako yote katika kipindi hiki ni kuyachelewesha maji.

Mara tu bakuli linaposhuka kwenye mashine, paka nta iliyoyeyushwa kwenye mdomo na kwenye zile sehemu mbili za nje ambako vichwa vya nyuzi vimejitokeza. Utazitambua kwa ukwaru wake na rangi yake iliyokolea. Andika kwa penseli kwenye kitako jina la mti, tarehe na uzito wake kwa gramu. Mizani ya jikoni inatosha. Liweke ndani ya mfuko wa karatasi ya kaki pamoja na viganja viwili vya maranda yake mwenyewe, kunja mdomo wa mfuko, na uweke mfuko ndani ya katoni lililofungwa. Mfuko wa plastiki haufai, kwa kuwa maji hukosa pa kutokea na bakuli huota ukungu. Katoni likae sakafuni, kwenye chumba chenye kivuli kisichopitiwa na upepo, mbali na dirisha na mbali na jiko. Usilipandishe darini, kwa maana joto la chini ya bati mchana linaweza kuharibu kwa siku moja bakuli ulilolilinda mwezi mzima.

Katika wiki mbili za kwanza fungua mfuko kila baada ya siku tatu au nne, ubadilishe maranda kama yamelowa, na utazame mdomo wa bakuli kwenye mwanga mkali. Ufa huanza kama unywele mweusi pale vichwa vya nyuzi vinapokatika mdomoni, na ukiuwahi ukiwa na urefu wa milimita chache, matone ya supaglu nyepesi yanaweza kuusimamisha. Ukiona nyufa kadhaa kwa pamoja, funga bakuli kwa mfuko wa pili. Ukiona ukungu, punguza mfuko mmoja. Baada ya hapo pima kila wiki. Uzito utashuka haraka mwanzoni kisha polepole, na vipimo vitatu vinavyofuatana vikitoa jibu moja, bakuli limelingana na hewa ya chumba chako. Kwa ukuta wa sentimita 2.5 jiandae kusubiri miezi kadhaa, na mti mzito huchukua muda mrefu zaidi ya mwembe. Lipige kwa kifundo cha kidole: bakuli kavu lililo zima hulia kwa sauti ya wazi, na lenye ufa uliojificha hutoa mlio mfupi uliofifia.

Ninawashauri wanaoanza wakereze vipande vyao vibichi kati ya Januari na Aprili, hewa ikiwa bado na unyevu, ili vipindi vigumu vya kwanza vya kukauka vipite kabla upepo haujaanza. Mabakuli manne au matano yakikauka kwa pamoja utakuwa na kazi ya kiangazi chote, na hutashawishika kulifungua moja kabla ya wakati wake.

Kuna njia nyingine kwa asiyejali mviringo. Kereza bakuli bichi moja kwa moja hadi ukuta wa milimita 5 au 6, unene ukiwa sawa kila mahali, ulimalize siku hiyohiyo. Ukuta mwembamba hukauka nje na ndani karibu kwa wakati mmoja, nao hupinda badala ya kupasuka. Bakuli hilo litakuwa na mdomo wenye mawimbi, na mwembe hulifanya hivyo kwa uzuri ambao mchongaji hawezi kuupanga. Ila ukishaanza usikatishe kazi. Hata mapumziko ya chakula cha mchana yanatosha kuliharibu, labda ulifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa maji.

Kurudi kwenye mashine

Bakuli lililokauka halitakaa vizuri kwenye kibano kwa sababu kitako chake kimekuwa yai. Libane kati ya kipande cha mti kilichofungwa kwenye mhimili na ncha ya kichwa cha nyuma, yaani sehemu ya mashine inayoshikilia kipande kutoka upande wa pili, usahihishe kitako kwanza, halafu ulikamate kama mwanzo. Kereza nje, kisha ndani, hadi ukuta ufikie milimita 7 hadi 10 kwa bakuli la kutumika mezani. Mkato wa mwisho uwe mwepesi, kwa patasi iliyonolewa dakika hiyo.

Msasa huanza namba 120, hufuata 180, 240 na 320. Punguza kasi, shika msasa upande wa chini ambako mti unakukimbia, na usihamie namba inayofuata mpaka mikwaruzo ya namba iliyotangulia iishe yote. Wengi huanza na msasa mkali sana ili ufute makosa ya patasi, lakini nyuzi zilizonyofoka zina kina kirefu, nazo huondolewa kwa patasi kali tu.

Kwa mabakuli ya chakula sipendi vanishi inayong'aa, kwa kuwa kijiko huikwaruza na hatimaye hubanduka vipande. Nta ya nyuki kutoka kwa wafugaji wa Kondoa au Manyoni, ikichanganywa na mafuta ya parafini yanayouzwa kwenye maduka ya dawa, hutoa pako zuri: sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta, ukiyeyusha kwenye bakuli la bati lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 65 hivi. Mafuta ya alizeti, ambayo kwetu ni mengi na ya bei nafuu, yanavutia kutumika, lakini hayakauki vizuri kama mafuta ya mbegu za kitani; yakipakwa mengi hubaki yakinata na baadaye huchacha. Mafuta ya kitani ni mazuri kwa vibweta na mapambo. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na yakirundikwa yanaweza kujiwasha moto yenyewe, kwa hiyo yaanike nje moja moja au yaloweke kwenye ndoo ya maji. Ukipaka mashine ikiwa inazunguka, tumia karatasi laini inayochanika. Kitambaa kikinaswa huvuta vidole.

Zawadi ndogo

Wakati mabakuli yanakauka, vipande vidogo vilivyokwisha kukauka vinaweza kukerezwa kila jioni. Kizibo cha chupa kinafaa sana kwa zawadi ya mji wa zabibu: chukua kizibo laini cha gome kilichotoka kwenye chupa ya mvinyo wa Dodoma, kitoboe katikati kwa biti ya milimita 8, kereza kichwa cha mpera au mpingo chenye kijiti cha unene huohuo, viunganishe kwa gundi, kisha punguza ncha ya kizibo kwa msasa mpaka kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu huhitaji mkwaju au mti mwingine mgumu usio na harufu, nao uachwe bila kupakwa chochote kwenye ncha ya kutwangia.

Kibweta chenye kifuniko kinadai uangalifu zaidi, na hapa hewa ya Dodoma hurudi kudai haki yake. Hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huuacha mti ukiwa na maji ya karibu asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 75, inayokaribia ya pwani, huufikisha karibu asilimia 14. Kifuniko kilichokerezwa Agosti kikakaa barabara kitakaza Tanga kiasi cha kutofunguka. Kereza kibweta kwa hatua mbili: chimba ndani na kifuniko kwa ukubwa wa ziada, viache wiki mbili vikitengana, kisha usahihishe maungio. Kama kinakwenda pwani, acha kifuniko kicheze kidogo unapokijaribu, na ukate maungio yawe mafupi, milimita 4 au 5.

Zawadi yoyote ya chakula iambatane na maelezo kwa anayepokea: ioshwe haraka kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ifutwe papo hapo, isilowekwe kwenye beseni pamoja na sufuria, isianikwe juani, na ipakwe mafuta ya parafini kila inapoanza kuonekana imepauka, ambayo kwa Dodoma inaweza kuwa kila mwezi kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi.